Chatu aliyesusa kula wiki 7: uchambuzi wa kisa cha mfugaji wa mara ya kwanza

Kijana wa miaka 17, anayeishi na mama yake na mdogo wake wa miaka 4, alinunua chatu dume wa miezi 5 hivi. Spishi yake ni Python regius, yule chatu mfupi mnene ambaye akiogopa hujikunja akawa donge na kukificha kichwa katikati. Siku ya kununuliwa alikuwa na gramu 148. Tanki, mkeka wa joto, taa na mfuko wa maranda ya mbao vilinunuliwa alasiri hiyo hiyo, na jioni nyoka akatiwa ndani. Wiki 7 zikapita bila kula hata mara moja. Uzito ulishuka hadi gramu 131, gamba likamtoka vipandevipande, na mgongoni alikuwa na jeraha la meno ya panya. Kijana aliuliza jambo moja tu: je, sasa amfungue kinywa amlishe kwa nguvu?

Jibu ni hapana. Kulisha kwa nguvu ni kazi ya daktari, tena kwa nyoka aliyekwisha kupata joto na maji ya kutosha. Chakula kikisukumwa tumboni mwa nyoka aliyepoa huoza kabla hakijasagika, kisha hutapikwa, na kutapika humdhoofisha nyoka kuliko njaa. Lililofaa kuulizwa ni kwa nini amesusa, na karibu majibu yote yalikuwa mle tankini.

Kwanza, ugonjwa uondolewe shakani

Kutoka gramu 148 hadi 131 ni kupoteza zaidi ya asilimia 11 ya uzito. Kwa chatu mchanga, asilimia 10 inatosha kumpeleka kwa daktari wa wanyama aliyezoea reptilia, bila kungoja. Daktari alitazama kinywa: hakukuwa na usaha wala kamasi nzito, na fizi hazikuvimba. Pumzi haikuwa na sauti ya kukoroma wala mapovu puani. Utitiri wa nyoka, wale wadudu weusi wadogo wanaojibanza ukingoni mwa jicho na chini ya kidevu, hawakuonekana. Jeraha lilikuwa la juujuu, likasafishwa. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na utando wa gamba la zamani uliogoma kutoka. Nyama za pande mbili za uti wa mgongo zilikuwa bado zipo, mgongo haujawa na ncha kama paa la nyumba. Kwa ufupi, nyoka alikuwa mzima, na makazi ndiyo yaliyokuwa mabovu.

Tanki lilivyokuwa

Lilikuwa tanki la kioo, sentimita 90 kwa 45 kwa 45, lenye kifuniko cha wavu. Kipimajoto cha kubandika kilikuwa juu, kwenye kioo cha nyuma, kikisoma nyuzi 28 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi), na kijana aliamini kwamba hilo ndilo joto analopata nyoka. Lakini nyoka hakai juu kwenye kioo. Maranda yalipofukuliwa na kipimajoto cha miale kikaelekezwa sakafuni, juu ya mkeka kulikuwa na nyuzi 46. Upande wa pili wa tanki kulikuwa na nyuzi 22. Unyevu wa hewa ulikuwa asilimia 34.

Mkeka wa joto uliochomekwa moja kwa moja kwenye umeme hauna kikomo chake wenyewe. Ukifunikwa kwa maranda, joto hukosa pa kutokea na kuzidi kupanda. Nyoka naye hachomoki haraka akiunguzwa tumbo. Wengi hulala papo hapo hadi magamba ya chini yakababuka. Huyu aliponea kwa sababu alihama mapema. Alijibana siku zote katika upenyo uliopo kati ya bakuli la maji na kona ya kioo, upande wa baridi, na alama ya mwili wake ilionekana wazi kwenye maranda.

Alama hiyo inaeleza kisa kizima. Chatu huyu alikuwa na mahali pawili tu pa kukaa: penye moto na penye baridi. Akachagua baridi, kwa kuwa kule angalau bakuli lilimgusa ubavu na kumpa hali ya kujificha. Kwa nyuzi 22 usagaji wa chakula hupungua mno, na hamu ya kula hupotea. Kususa kwake kulikuwa kujilinda.

Pango alilowekewa lilikuwa nusu gogo lililo wazi mbele na nyuma, pana kiasi cha kumtosha nyoka wa mara 4 ya ukubwa wake, na lilikuwa upande wa moto. Maficho ya chatu hufaa pale tu yanapomgusa mgongoni na ubavuni akiwa amejikunja. Akikosa hayo hukaa macho kama mnyama anayewindwa, na anayewindwa hali. Taa nyekundu iliwaka usiku kucha, ilhali chatu huwinda gizani na anahitaji giza la kweli. Maranda yalikuwa ya msonobari, mti wenye mafuta ya harufu yanayowasha njia ya hewa. Ya mwerezi ni mabaya zaidi. Yalikuwa makavu pia, na ukavu ule, pamoja na wavu uliokuwa wazi wote juu, ndio uliofanya gamba litoke vipandevipande na kuganda jichoni.

Mambo mengine mawili hayakuwa ya tanki. Nyoka alishikwa kila siku, mara nyingine na marafiki 3 au 4 kwa zamu. Na alipewa chakula kila baada ya siku 2, akikataa anaondolewa, analetewa tena, hadi usiku mmoja akaachiwa kipanya hai mpaka asubuhi. Panya mwenye njaa humtafuna nyoka asiyetaka kula, na jeraha la mgongoni lilitoka hapo. Panya hai haachwi na nyoka bila mtu kuangalia, hata kwa dakika 10.

Marekebisho ya tanki

Nyoka alihamishiwa kwa siku 3 kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu na vibanio vya kufungia, ndani yake karatasi, maji na kibakuli kilichopinduliwa awe anajificha chini yake, katika chumba kingine chenye nyuzi 26. Muda huo ulitumika kulitengeneza tanki upya bila kumsumbua.

Mkeka ulibaki, lakini chini ya kioo kwa nje, ukichukua theluthi moja tu ya sakafu, na vijiguu vya mpira chini ya tanki ili hewa ipite. Ukaunganishwa na themostati, kifaa kinachozima na kuwasha umeme ili joto lisizidi kiwango ulichoweka. Kitambuzi cha themostati kiliwekwa kati ya mkeka na kioo, nje, mahali ambapo nyoka hawezi kukisogeza wala kukimwagia maji. Hapa wengi hukosea: wanaandika 32 kwenye themostati na kuridhika. Kioo hula nyuzi kadhaa, kwa hiyo namba ya themostati si joto analolihisi nyoka. Unapima sakafu ya ndani, pale pale yatakapokuwa maficho ya upande wa joto, kwa kipimajoto cha miale, na kupandisha au kushusha themostati kidogo kidogo hadi sakafu isome nyuzi 31 hadi 33. Kisha unaacha kwa saa 48 na kupima tena asubuhi, mchana na usiku wa manane. Kwenye kisa hiki themostati ilibidi iwekwe 35 ili sakafu ipate 32.

Mkeka hupasha sakafu, haupashi hewa. Kwa kuwa chumba kilikuwa na nyuzi 22, upande wa baridi usingefika 25 kwa mkeka peke yake. Kikaongezwa kipashajoto cha kauri juu ya wavu, chenye kizimba cha kukizuia kisiguswe na themostati yake ya pili. Kauri haitoi mwanga, ndiyo maana inafaa usiku. Upande wa baridi ukatulia kwenye nyuzi 25 hadi 26. Jiwe la umeme la kupasha joto, lile la kuweka ndani ya tanki, lisinunuliwe kabisa. Huunguza.

Theluthi 2 za wavu zilifunikwa kwa karatasi ya alumini, mbali na kauri, ili unyevu usikimbie. Maranda yakatupwa, yakawekwa makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 5, yakamwagiwa maji kwenye kona badala ya kunyunyiziwa juu juu. Ukinyunyizia, unyevu hupanda kwa saa 1 na kushuka. Ukilowesha tabaka la chini huku la juu likibaki kavu, hudumu siku kadhaa na tumbo la nyoka halikai kwenye tope. Kipimo kikasimama kwenye asilimia 60 hadi 65. Chini ya asilimia 50 gamba hukwama. Hewa ikituama na kila kitu kikilowa, magamba ya tumbo hupata vidonda.

Yakawekwa maficho 2 yanayofanana kabisa, moja kila upande, kila moja na mlango wa sentimita 5. Kufanana kuna maana yake: yakitofautiana, nyoka hung'ang'ania lile analolipenda hata kama joto lake halimfai. La tatu lilikuwa kisanduku kidogo chenye mossi iliyolowa (mimea laini inayoshika maji), kwa ajili ya gamba la jichoni. Vioo 3 vilifunikwa kwa kadi nyeusi kwa nje, na majani ya bandia yakatandazwa katikati ili avuke kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuwa mtupu machoni pa watu. Hakuna gundi wala utepe wa kunata ulioruhusiwa ndani ya tanki. Nyoka akinasa kwenye utepe hung'oka magamba akijivuta.

Kifuniko kikawekewa vibanio pande zote. Mahali panapopita kichwa cha nyoka, mwili wote utapita.

Utando wa jicho haukuguswa. Kuuvuta kwa kibano au ukucha kunaweza kuliharibu jicho lenyewe. Ulitoka wenyewe na gamba lililofuata, ambalo safari hii lilitoka zima kuanzia midomo hadi mkia.

Kumlisha tena

Baada ya kurudishwa tankini aliachwa siku 10. Hakushikwa wala hakuletewa chakula, na hakuna aliyegonga kioo. Maji tu yalibadilishwa. Hilo lilimwia kijana gumu kuliko kazi yote ya nyaya, na inaeleweka: nyoka amekonda, na unaambiwa ukae. Lakini kila jaribio la kulisha linaloshindwa humfundisha nyoka kuhusisha harufu ya chakula na usumbufu.

Katika siku hizo muuzaji aliulizwa swali ambalo lingeulizwa dukani: alikuwa akila nini? Rekodi ilionyesha milo 8, yote watoto wa panya wa jamii ya Rattus, waliogandishwa na kuyeyushwa. Kijana alikuwa akimpa vipanya, ile jamii ndogo ya Mus. Kwetu hao wote ni panya. Kwa chatu hawana harufu moja, na Python regius anajulikana kwa kushikilia kile alichokizoea. Nyoka huyu hakuwa amepewa chakula anachokitambua tangu aondoke kwa muuzaji.

Mtoto wa panya wa gramu 13 alichaguliwa, yaani kama asilimia 10 ya uzito wa nyoka, na unene wake haukuzidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Aliyeyushwa usiku kucha kwenye friji, ndani ya mfuko uliofungwa na chombo chenye kifuniko. Jioni mfuko ulitumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika 15, kisha panya akakaushwa kwa karatasi na kupimwa: kichwa kiwe nyuzi 37 au 38. Chatu ana vishimo vya kuhisi joto kwenye mdomo wa juu, na panya wa baridi kwake si windo. Maji yanayochemka hupasua tumbo la panya, na jiko la maikrowevu humpika ndani huku nje akiwa mbichi. Taa zikazimwa. Panya akashikwa kiunoni kwa koleo refu la sentimita 30, kichwa mbele, akaletwa hadi mlangoni mwa maficho na kutikiswa kidogo sana, kisha akatulizwa.

Mara ya kwanza nyoka alitoa ulimi mara kadhaa, akapinda shingo kama herufi S, akarudi ndani. Panya akawekwa kwenye kipande cha karatasi mlangoni, tanki likafungwa, na mlango wa chumba pia. Asubuhi alikuwa pale pale, akatupwa, hagandishwi tena. Zikapita siku 7 bila jaribio lolote. Mara ya pili alimpiga panya kabla hajafika mlangoni, akamzungushia mizingo 2, na baada ya dakika 20 hivi alikuwa amemmeza. Hakushikwa kwa saa 48. Wiki 8 baada ya mlo huo alikuwa na gramu 158.

Angetapika, utaratibu ungekuwa tofauti: kungoja siku 10 hadi 14, kukagua joto upya, kisha kuanza na mlo wa nusu ya ukubwa. Kumlisha kesho yake ili "kufidia" huleta kutapika kwa pili.

Je, spishi ilikuwa sahihi?

Ilikuwa sahihi, ila si rahisi kama wauzaji wanavyoisifu. Python regius ni mpole, hukua polepole, dume kwa kawaida huishia kati ya sentimita 90 na 120, na jike huzidi hapo. Ugumu wake ni mlo na unyevu. Mtu anayejijua kuwa atapoteza usingizi nyoka akikataa chakula wiki 2 angepata utulivu zaidi kwa Pantherophis guttatus, nyoka wa kusini-mashariki mwa Marekani, mwembamba, anayekula karibu kila anapopewa na kuridhika na joto la chini kidogo na hewa ya kawaida ya nyumba. Huyo naye ana kasi na ni hodari wa kutoroka. Chatu wakubwa, kama Malayopython reticulatus na Python bivittatus, huuzwa wakiwa wachanga wa kuvutia, kisha hufikia mita kadhaa. Si nyoka wa kuanzia. Wenye sumu hawahusiki kabisa.

Umri pia uzingatiwe kwa dhati. Chatu huyu anaweza kuishi miaka 20 hadi 30. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya St. Louis huko Marekani, jike wa spishi hii aliyekadiriwa kuwa na angalau miaka 62 alitaga mayai. Kijana wa miaka 17 atahama na kuhamia kwingine na nyoka huyu, kwa hiyo ni haki kumuuliza mama mapema kama atakubali kubaki naye.

Chatu wote wa jamii hii wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na nchi mbalimbali huongeza masharti yake juu ya hapo. Kibali na asili ya nyoka viulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Aliyezaliwa kwa mfugaji ni bora kuliko aliyekamatwa porini, ambaye huja na kupe, minyoo na woga.

Ukimshika dukani, ahisiwe mzito na mwenye nguvu mkononi. Mgeuze uone magamba ya tumbo kama yana baka la kuungua. Mpitishe katikati ya kitambaa cheupe kilicholowa. Nukta nyeusi zinazotembea ni utitiri. Sehemu ya haja iwe safi, pumzi isisikike. Omba rekodi ya mlo kwa maandishi, na ikiwezekana umwone akila.

Mdogo wa miaka 4

Hili halikuulizwa, lakini lilikuwa zito kuliko yote. Reptilia wenye afya kamili hubeba bakteria wa Salmonella, na panya waliogandishwa pia. Watoto chini ya miaka 5 huumwa vibaya zaidi, kwa hiyo mdogo haruhusiwi kumgusa nyoka wala vyombo vyake. Mwenye kumshika ananawa kwa sabuni papo hapo. Bakuli la nyoka huoshwa kwenye ndoo yake, kamwe si kwenye sinki la jikoni, na panya hukaa kwenye friza ndani ya kisanduku kilichofungwa, mbali na chakula cha watu. Mama alipoelezwa hayo alinunua kufuli ya tanki siku hiyo hiyo.

Mpangilio ambao ungeepusha haya

Wahenga walisema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Kwa nyoka, kanzu hukatwa kwanza. Sheria na ridhaa ya nyumbani ndizo za mwanzo, kisha kumjua daktari aliye karibu anayetibu reptilia. Halafu tanki, ambalo huendeshwa tupu kwa wiki 2 na vipimo kuandikwa kila siku: joto la sakafu pande zote mbili, joto la hewa, unyevu, na kiwango cha chini kabisa cha usiku. Hapo ndipo nyuzi 46 zingeonekana, hakuna nyoka juu yake. Baada ya hapo unaweka chakula sahihi kwenye friza. Nyoka hununuliwa mwisho, huachwa siku 5 hadi 7 atulie, hulishwa, na ni baada ya milo 3 mfululizo ndipo anaanza kushikwa, dakika 5 hadi 10, mara 2 kwa wiki.

Chatu wa kisa hiki sasa hupimwa kila baada ya wiki 2 kwa mizani ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo, kabla ya mlo. Akikomaa, huenda akasusa tena msimu wa baridi au wa kujamiiana, hata kwa miezi, na huo ni mwenendo wa kawaida wa madume wa spishi hii. Joto na unyevu vikiwa sawa na uzito ukisimama palepale, anaachwa. Ukishuka asilimia 10, anarudishwa kwa daktari.